Funguo Zimo Ndani ya Kopo la Kimbo

Mjukuu wangu, na wewe bibi arusi wangu,

Jumapili iliyopita mlikaa sebuleni kwangu hapa Uthiru, mmoja kwenye kiti cha mlangoni, mwingine dirishani, chai ikapoa katikati yenu. Nilidhani mmefiwa. Kumbe ni safari ya Naivasha. Miezi mitatu mlikuwa mkiipanga: likizo zilingane, hoteli ilipiwe mapema, marafiki wawili waongezwe, wakawa watatu, mmoja akajitoa, deni likabaki kwa sijui nani, na mwishowe hakuna aliyekwenda popote. Mlikuja kwangu kwa sababu mlikuwa mmeshavaa.

Siku ile nilitaka kusema neno, lakini mzee akisema mbele ya watu waliokasirika huongeza kuni. Sasa naandika. Kesho kutwa shangazi yenu anakuja kunichukua twende Nakuru. Mnasema guka anaenda kupumzika kidogo, nami sibishani, ila mtu wa miaka 80 mwenye presha ya macho hapelekwi kwa binti yake kupumzika kidogo. Sirudi kukaa hapa. Mambo ya ploti na nyumba nimeyamaliza kwa wakili. Hili la leo wakili alilicheka nilipomwomba aliandike, kwa hiyo naliandika kwa mkono wangu: namna ya kuondoka na mwenzako bila kupanga.

Nilianza kazi Grogan mwaka 1967, kijana wa kupokeza spana. Kibao cha barabara kinasema Kirinyaga Road, lakini nenda leo ukaulize spea ya gari lililoacha kutengenezwa kabla hujazaliwa, utaelekezwa Grogan. Ewart Grogan, mwenye jina hilo, alikuwa Mwingereza aliyeanza safari kusini ya Afrika mwaka 1898 akaingia Cairo mwaka 1900, sehemu kubwa kwa miguu, kwa sababu alitaka kumwoa Gertrude Watt na baba wa kambo wa msichana hakuwa ameridhika naye. Wazungu waliisifu sana hadithi hiyo. Mwaka 1907 mtu huyo huyo na wenzake wakawacharaza viboko Wakikuyu watatu wavuta riksho hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, na sisi tuliokuwa tukilala chini ya magari kwenye barabara yake tulizijua hadithi zote mbili. Ila mimi swali langu lilikuwa jingine. Nilimwuliza fundi mkuu: na msichana alikuwa wapi wakati wote huo? Akasema, nyumbani, akingoja. Nikaona basi ile ilikuwa safari ya mtu na sifa zake. Mkijikuta mmepiga picha ishirini za Mlima Longonot kabla hamjatazamana, mkumbukeni Grogan.

Sasa ungamo. Baba yako hajawahi kulisikia, na linamhusu.

Mimi na shosho yenu tulioana 1970, tukapanga chumba kimoja Kangemi. Gari hatukuwa nalo wala ndoto yake. Siku moja mwaka 1973 nilikuwa nimefunga gasketi ya Peugeot 404 ya mteja, na gari likishafungwa gasketi lazima liendeshwe mpaka lipate moto, lionekane kama linavuja. Njia yetu ya kujaribia magari ilijulikana: mpaka Westlands, unazunguka, unarudi. Siku ile nilipofika Westlands sikuzunguka. Nilinyoosha hadi Kangemi, nikasimama nje ya ploti, nikapiga honi. Shosho yenu akatoka na unga mikononi. Nikamwambia ingia. Hakuuliza tunakwenda wapi. Aliuliza kama nimeiba. Nikamwambia sijajua bado. Akampa jirani mtoto, ndiye baba yako, akasema tunarudi sasa hivi.

Tukapita Limuru, mashamba ya chai yametoka kunyeshewa. Nikasema tugeuze. Akasema, mbele kidogo. Hiyo mbele kidogo ikatufikisha ukingoni, pale nchi inapokatika na Bonde la Ufa lote linakuwa chini ya miguu yako, Longonot imekaa kama chungu kilichomeguka mdomo. Sisi tulikuwa tumetoka kwenye chumba ambacho ukisimama kitandani unagusa jiko. Tulinyamaza muda mrefu. Kisha tukateremka ile barabara iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa vita, hadi kwenye kikanisa chao cha 1942, kidogo kuliko gereji yetu. Shosho yenu akaingia, akakagua mabenchi, akasema siku ya harusi hapa ni lazima mama mkwe abaki nje.

Mai Mahiu maana yake maji moto, na maji moto ndiyo niliyoyapata. Wakati wa kupanda, katikati ya mlima, mpira wa radieta ukapasuka. Mvuke ukafunika kioo chote. Mimi, fundi wa Grogan, sikuwa na tone la maji ndani ya gari. Sikuwa na waya, sikuwa na raba, sikuwa na tochi. Nilikuwa na bisibisi moja mfukoni na aibu. Shosho yenu hakusema kitu. Alivua viatu vyake vya Jumapili, akavishika mkononi, akapanda barabara mpaka kwenye vibanda vya wauza ngozi za kondoo. Baada ya saa nzima nikamwona anashuka, viatu vimefungwa kiunoni kwa leso, mkononi kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo, limejaa maji hadi ukingoni, na kipande cha tyubu ya baiskeli shingoni kama mkufu. Nikaufunga ule mpira kwa tyubu, mzunguko juu ya mzunguko. Kopo moja halijazi radieta. Alipanda na kushuka mara nne, na mara ya tano wauza ngozi wakampa kijana wa kumsaidia.

Tulifika Kangemi saa tano usiku. Jirani alikuwa amekaa mlangoni na mtoto mapajani, na maneno aliyotuambia siyaandiki. Asubuhi mwenye gari akatazama mita ya kilomita. Alikuwa karani, aliandika nambari zake nyuma ya kiberiti kabla ya kuliacha gari, na mimi nilikuwa nimeongeza zaidi ya kilomita 100 kwenye gari lililotakiwa kwenda Westlands na kurudi. Mwenye gereji alinikata mshahara wa wiki mbili. Alikuwa na haki. Msinisikie nikiisimulia kwa kicheko mkadhani naisifia. Ile ilikuwa mali ya watu, na mtoto alikuwa wangu.

Lakini tangu siku ile nilianza kubeba. Hata kabla sijawa na gari langu nilikuwa na sanduku chini ya kitanda: jeki ndogo, spana ya magurudumu, mkanda wa feni wa akiba, waya, tyubu kuukuu zilizokatwa vipande, tochi, blanketi. Galoni mbili za maji kando ya mlango. Shosho yenu naye alikuwa na mfuko wake, sikuruhusiwa kuufungua, najua tu kwamba humo ndani mlitoka soksi, sabuni, chumvi, na siku moja, tukiwa Gilgil na mtoto amemwaga uji, mlitoka suruali yangu nzima iliyopigwa pasi. Gari tulikuwa tukiazima, tukikodi, au tukipakiwa na rafiki yangu mwenye pikapu, na ombi likikubaliwa tulikuwa barabarani kabla mtu hajabadili mawazo. Watu wa ploti walituita wendawazimu, wale wawili wanaoamka tu na kwenda. Hawakujua kwamba ghafla yetu ilikuwa imepakiwa tangu Jumatatu.

Hapo ndipo ninapotofautiana nanyi. Ninyi mnapanga safari. Sisi tulipanga kuwa tayari, safari tukaiacha ijipange. Mkipanga safari mnapanga tarehe, na tarehe ina maadui wengi Nairobi hii: zamu ya hospitali inabadilishwa, bosi wa Westlands anaitisha mkutano, bei ya mafuta inatangazwa tarehe 14 na hesabu yote inalala chini. Mtu aliye tayari hana tarehe ya kuharibiwa. Tairi zina upepo, mfuko uko mlangoni, kuna noti mbili ndani ya kitabu cha nyimbo ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzikopa, hata kwa umeme. Akiamka Jumamosi akaona mwenzake ametazama dirishani mara ya tatu, anasema twende.

Tena tulikuwa na desturi. Mmoja akisema twende, mwingine haulizi wapi. Anauliza: koti liko wapi? Ukiuliza wapi, umeshaanza kikao. Na kikao kina ajenda, na ajenda ina mambo mengineyo, na saa sita mchana mko bado mezani mnajadili mashuka ya hoteli.

Bibi arusi wangu, uliniambia siku ya ruracio, tulipoleta mahari, kwamba mume wako hazungumzi. Ukoo wetu ndivyo ulivyo, wanaume wa nyumba hii huongea na injini. Nikueleze nilivyozungumza mimi. Mwaka 1977 tulikuwa tukipanda Limuru na pikapu ya rafiki yangu, ukungu umeshuka mpaka ukawa hauoni boneti. Nilikuwa naendesha kwa gia ya kwanza, kichwa nje ya dirisha. Katikati ya ukungu huo shosho yenu akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya viazi: kuna kitu nimekuficha miaka miwili. Nilikuwa karibu kutumbukia mtaroni. Akasema alikuwa akiweka pesa kwenye chama cha akina mama, za kuuza mboga na za kushona, na kidogo, akasema kidogo, za mfuko wa suruali yangu, na sasa chama kimenunua ardhi Uthiru na yeye ana ploti.

Nilikasirika hasira ambayo leo siwezi kuieleza vizuri. Kipindi kile mwanamume kuambiwa mkewe ana ardhi ilikuwa kama kuambiwa ana mume mwingine. Tungekuwa nyumbani ningetoka, ningeubamiza mlango, ningeenda kwa marafiki zangu wanishauri upumbavu. Lakini ningetoka niende wapi? Ukungu mbele, lori nyuma, usukani mikononi, na kama nataka kumkaripia lazima nimtazame, na nikimtazama tunakufa. Nikaendesha. Yeye akanyamaza. Ukungu ukaisha tulipoanza kuteremka, jua likatupiga usoni, na nikajiona nimeuliza ploti yenyewe ina upana gani. Futi 50 kwa 100, akasema. Tulipofika Naivasha tulikuwa tunabishana choo kiwe upande gani. Ndicho hicho choo mnachokilalamikia kwamba kiko mbali na jikoni. Mimi ndiye niliyeshindwa.

Halafu mimi nikaharibu. Mwaka 1986 nilinunua Pijo 504 steshen wagoni, mkono wa tatu. Niliitaka 504 kwa sababu ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na tulikuwa tumesimama kando ya barabara na watoto Pasaka baada ya Pasaka, tukimezwa na vumbi la magari ya watu. Sasa nilikuwa nalo langu. Na hapo, mtaniamini? safari zikakoma. Nilianza kulipenda gari kuliko barabara. Jumamosi ilikuwa siku ya kuliosha. Shosho akisema twende, nasema kabureta halijakaa sawa. Akisema twende, nasema nangoja klachi kutoka kwa mtu fulani. Akisema twende, nasema Jumamosi ijayo. Hakugombana. Aliacha tu kusema.

Siku moja mwaka 1994 niliamka sikumkuta. Watoto walisema mama ametoka alfajiri. Nilishinda chini ya gari, nikijiambia ameenda sokoni Wangige. Saa mbili usiku akaingia, amechoka, amepigwa na jua uso mzima, akavua viatu mlangoni akaenda kuoga. Sikuuliza. Nilivichukua vile viatu nikavipeleka kwenye taa. Fundi husoma tairi. Ukiona limelika pembeni unajua gari limetembea vipi. Kwenye mishono ya vile viatu kulikuwa na unga mweupe, mgumu, nikaugusa kwa ulimi.

Alipotoka bafuni nikamwambia: umetoka Magadi.

Akasema: ndiyo.

Na nani?

Na sukuma wiki.

Kulikuwa na jirani aliyepeleka mboga Magadi kwa pikapu, kuwauzia wafanyakazi wa ile kampuni ya kuchimba magadi iliyoanzishwa 1911. Shosho yenu alimkuta anapakia gizani akamwomba nafasi. Wakapita Kiserian, wakapita Corner Baridi pale upepo unapokung'oa kofia, halafu njia yote ni kuteremka, joto linapanda kila baada ya kona, mpaka ziwa linatokea na hulitambui kama ni maji, ni waridi na nyeupe kama bamba la bati lililopakwa rangi. Alinisimulia heroe waliosimama kwa mguu mmoja katika maji yanayounguza. Alinisimulia kwa upole, na upole ndio uliouma. Akafungua leso akaweka mezani jiwe la magadi, la kupikia githeri. Akasema lilikuwa karibu kuliko nilivyodhani.

Klachi ilifungwa usiku huo huo. Ilikuwapo kabatini muda wote.

Tulisafiri tena miaka 22, hadi alipolala 2016. Siwezi kuzitaja zote, na nyingi zilikuwa za kawaida: tunakwenda, tunakula kondoo wa kuchoma Kikopey, tunanunua kabeji Soko Mjinga kuliko tunavyoweza kula, tunarudi tumechoka. Mojawapo tulifika Rironi tukageuza kwa sababu alikumbuka amewasha jiko. Nayo tuliihesabu.

Msiniambie hamna wakati wala mafuta. Kutoka kwenu Kinoo pandeni matatu ya 105 hadi Kikuyu, tembeeni mpaka Ondiri. Ni kinamasi, juu yake nyasi zimefungamana, na mahali pengine ukikanyaga, ardhi inatikisika kama godoro. Shikaneni mikono mrukeruke kama watoto, hakuna anayewajua. Jioni mko nyumbani.

Mambo mawili nawakataza. Moja, kuteremka Mai Mahiu usiku wakati wa masika. Aprili 2024 maji yalishuka kule usiku yakabeba watu wakiwa wamelala majumbani mwao, makumi ya watu, na barabara ikakatika. Ghafla ya mbingu ina nguvu kuliko yenu. La pili, kwenda Disemba, watu wote wakirudi ushago. Hiyo siyo safari, ni foleni yenye mandhari.

Pijo iko nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Nawaachia ninyi wawili, jina la mmoja kwenye kitabu cha gari na la mwingine kwenye bima, ili kila mmoja amhitaji mwenzake. Breki za mbele zimebadilishwa mwezi jana. Mkifika ukingoni, gia ya pili iingie kabla ya mteremko kuanza, si baada ya kusikia harufu. Mshale wa joto ni mwongo, huonyesha chini ya ukweli; ukifika nusu, simameni. Galoni ziko kando ya mlango wa jikoni na nimezijaza jana, maji ya radieta kwenye ile nyekundu, ya kunywa kwenye nyeupe, msizichanganye.

Mlango wa abiria haufunguki kutoka nje. Mwenye kuendesha lazima aingie kwanza, ainame mpaka upande wa pili, amfungulie mwenzake. Umekuwa hivyo tangu 1998. Spea ninayo, na fundi ninayemjua kuliko wote ni mimi. Akija kijana wa Grogan kutaka kuutengeneza, mpeni chai mumwambie aende.

Funguo zimo ndani ya kopo la Kimbo, juu ya kabati la vyombo. Ni lile lile. Mafuta ni nusu tangi.

Guka yenu.